Dondoo muhimu: Stadi za mwendo kwa watoto

Stadi za msingi za mwendo ni za aina tatu: kwenda (kukimbia, kuruka), kumudu mwili (kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka) na kumudu kifaa (kurusha, kudaka, kupiga teke). Haziji zenyewe kwa umri. Hufundishwa na kurudiwa.

Mchezo wa rede pekee hufanya nusu ya kazi, maana humlazimu mtoto kukimbia, kukwepa, kudaka na kurusha. Kwa wanaoanza, mpira wa soksi na matambara ni bora kuliko wa dukani: hauumizi wala haudundi mbali. Anayerusha kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Wengi hukosea hapo. Foleni ndefu ya kusubiri zamu huua somo, hivyo watoto wanne au watano kwa mpira mmoja wanatosha.

Mahali pa kuchezea nako ni muhimu. Kwa Unguja, vichochoro vya Mji Mkongwe vina pikipiki nyingi. Viwanja vya Mnazi Mmoja ni salama zaidi. Kwenye fukwe za Jambiani na Paje, maji yakipwa, mchanga mgumu hufaa kukimbilia, na ule laini wa juu hufaa kujifunzia kutua, magoti yakiwa yamekunjwa. Popote watakapochezea, kuruka kamba ni kwa wavulana pia, si kwa wasichana tu.