Istilahi za Simu ya Intaneti Ofisini: Mipaka ya Maana katika "Laini", "Mtandao" na "Nambari ya Ndani"

Utangulizi

Makala hii inachunguza istilahi za simu ya intaneti, yaani simu inayosafirisha sauti kupitia mtandao wa data badala ya waya wa simu wa zamani. Mifano imewekwa katika mazingira ya miji ya Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, ambako shirika moja linaweza kuwa na ofisi kuu katika mji mmoja na tawi katika mji wa pili. Inadaiwa hapa kwamba maneno ya Kiswahili ya kuzungumzia teknolojia hii yapo tayari. Tatizo ni kwamba neno moja hubebeshwa dhana kadhaa ambazo fundi na mteja wanapaswa kuzitenganisha.

Usuli

Hadi mwaka wa 1999, huduma ya simu nchini Kenya ilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Mwaka huo shirika liligawanywa, na Telkom Kenya ikarithi upande wa simu. Msamiati wa kipindi hicho ulifuata vitu vilivyoonekana kwa macho: waya, nguzo, swichibodi, simu ya mezani. Nambari nayo ilifungamana na mahali; msimbo wa eneo ulimjulisha mpigaji ni mji gani anaoupigia.

Simu ya intaneti imevuruga uhusiano huo wa neno na kitu. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kisha huunganishwa upya upande wa pili. Kwa kawaida pakiti moja hubeba sauti ya milisekunde 20, hivyo pakiti 50 hupita kila sekunde kwa kila upande.

Laini

Katika matumizi ya Kenya, "laini" ni waya wa simu, ni kadi ya simu ya mkononi, na pia ni nambari yenyewe. Simu ya intaneti imeongeza dhana ya nne: nafasi ya mazungumzo yanayoweza kuendelea kwa wakati mmoja. Tuchukue mfano wa ofisi ya Thika inayokubaliana na muuzaji kupewa "laini tano". Muuzaji akikusudia nambari tano, na mteja akikusudia mazungumzo matano kwa pamoja, mteja anaweza kulipia nambari ambazo haziwezi kutumika zote kwa mara moja. Hasara hiyo chanzo chake ni semantiki. Inapendekezwa kwamba "nambari" ibaki kuwa nambari, nayo nafasi ya mazungumzo iitwe "njia ya mazungumzo".

Mtandao

Neno hili hutaja kampuni ya simu za mkononi, intaneti, na pia muunganisho wa kompyuta ndani ya ofisi. Karani wa Ruiru akisema "hakuna mtandao", fundi aliye Thika hajui kama aanze na swichi, ruta au mtoa huduma. "Mtandao wa ofisi", "intaneti" na "mtoa huduma" zingemwelekeza mara moja.

Penye uhaba wa istilahi, sarufi yenyewe husaidia. "Simu imekatika" humaanisha kwamba mazungumzo yamekoma. "Sauti inakatikakatika" humaanisha kwamba mazungumzo yanaendelea lakini baadhi ya pakiti zinapotea au kuchelewa. Uradidi wa kitenzi unatofautisha hitilafu mbili zenye tiba tofauti, bila neno jipya kuundwa.

Nambari ya Ndani

Istilahi hii ilipoanza, "ndani" ilikuwa ndani ya jengo. Sasa mfanyakazi wa Ruiru anaweza kubonyeza tarakimu tatu akampata mwenzake wa Thika kana kwamba wako chumba kimoja. Maana ya "ndani" imehama kutoka jengo hadi shirika. Istilahi inafaa kuhifadhiwa, ila fasili yake ibadilishwe.

Istilahi Zinazopendekezwa

1. Njia ya mazungumzo: nafasi ya simu moja inayoendelea.
2. Nambari ya ndani: nambari fupi ya mtumiaji ndani ya shirika, popote alipo.
3. Swichibodi: mtambo au programu inayogawa simu za shirika.
4. Itifaki: kanuni ambazo mitambo hufuata ili ielewane, SIP, kwa mfano, huanzisha na kukata simu.
5. Kipimo data: kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde. Kwa mfumo wa usimbaji wa G.711, sauti huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Anwani za pakiti zikijumlishwa, hufika takriban 80. Njia kumi za mazungumzo zitahitaji takriban kilobiti 800 kila upande.
6. Mwangwi: sauti ya msemaji inayomrudia mwenyewe.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na uzito pale mpokezi wa simu atakapoweza kueleza hitilafu, na mnunuzi kuusoma mkataba, kwa Kiswahili kisicho na utata. "Tarakilishi" na "kompyuta" zimeendelea kuishi pamoja, ishara kwamba watumiaji hawangoji uamuzi wa wataalamu. Kwa hiyo wanafunzi wa isimu waanze kwa kukusanya maneno yanayotumika ofisini, wayawekee mipaka, na kuunda mapya pale tu penye pengo la kweli.