Kupima Maneno ya Wasemaji: Ushawishi na Hoja Potovu katika Kigogo

Utangulizi

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3), mtahiniwa hutakiwa mara kwa mara kutambua mbinu za lugha katika dondoo. Wengi huandika "balagha" au "takriri", wakatoa mfano, kisha wakaishia hapo. Wakitakiwa kueleza umuhimu wa mbinu hiyo, huandika kwamba "imeipamba kazi". Jibu hilo ni hafifu. Mhusika wa tamthilia hasemi ili akipambe kitabu. Anasema kwa sababu anataka jambo kutoka kwa anayemsikiliza: akubali, aogope, anyamaze au asimame naye.

Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea inafaa sana kwa somo hili, kwa kuwa karibu kila mtu Sagamoyo anajaribu kumshawishi mwenzake. Unapoisoma, kumbuka jambo moja: maneno matamu na hoja thabiti ni vitu viwili. Msemaji anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine.

1. Mbinu ya lugha na kazi yake

Hizi ni baadhi ya mbinu zinazotumiwa sana katika kushawishi:

(a) Balagha: swali lisilohitaji jibu. Humfanya msikilizaji ajijibu moyoni, akadhani wazo ni lake mwenyewe. Usichanganye balagha na mubalagha. Mubalagha ni jina jingine la chuku, yaani kutia chumvi.

(b) Takriri: urudiaji wa neno au fungu la maneno. Jambo likirudiwa sana huanza kusikika kama kweli, hata kama halijathibitishwa.

(c) Jazanda: kitu kimoja kusimamia kingine. Hubeba maana nzito kwa neno moja.

(d) Kejeli: maneno ya dharau. Humshusha mpinzani bila kumjibu.

Kwa hiyo, ukishataja mbinu, jiulize: msemaji anataka nini kwa mbinu hii?

2. Njia tatu za kushawishi

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya 4 K.K., aligawa ushawishi katika njia tatu. Wataalamu hutumia mgao huo hadi leo.

(a) Ithosi: msemaji hutegemea nafsi yake, yaani cheo, sifa au uaminifu wake. Kenga anapofika karakanani kwa akina Sudi, Boza na Kombe, haji kama mtu wa kawaida. Ni mshauri wa Majoka, na uzito wa maneno yake unatoka Ikulu.

(b) Pathosi: msemaji hugusa hisia kama vile hofu, huruma, tamaa au fahari. Sherehe za miaka 60 ya uhuru zinakusudiwa kuwajaza Wanasagamoyo fahari ili wasahau kwamba soko lao limefungwa.

(c) Logosi: msemaji hutoa sababu na ushahidi, kisha hitimisho.

Njia hizi zote ni halali. Kosa hutokea cheo au hisia zinapochukua nafasi ya sababu.

3. Hoja potovu

Hoja potovu ni ile ambayo hitimisho lake halitokani na sababu zilizotolewa. Tazama mifano ifuatayo:

(a) Hoja ya vitisho. Vijikaratasi vinarushwa vikiwataka watu wahame kwa madai kwamba Sagamoyo si kwao. Havitoi sababu yoyote, bali hofu tu. Vivyo hivyo, Ashua anatiwa ndani ili mumewe, Sudi, akubali kuchonga kinyago. Kifungo cha mke hakithibitishi kwamba anayechongewa kinyago ni shujaa.

(b) Hoja ya hongo. Kenga anamwekea Sudi ahadi za mali na raha iwapo atachonga. Ahadi inaonyesha faida atakayopata Sudi. Haionyeshi kwamba kazi yenyewe ni ya haki.

(c) Hoja ya mazoea. Ngurumo, mlevi wa Mangweni, hawezi kufikiria Sagamoyo ikiongozwa na mwanamke. Sababu yake ni kwamba haijazoeleka. Jambo kutofanyika jana si ushahidi kwamba halifai kufanyika kesho. Hoja hii pia inaibua maudhui ya taasubi ya kiume.

(d) Hitimisho lisilofuata. Mtu akisema, "Soko ni chafu, kwa hiyo lifungwe," sababu yake huenda ikawa kweli. Lakini je, uchafu haukuweza kuondolewa kwa kodi wanayotoa wafanyabiashara? Tunapogundua kwamba Majoka ananuia kujenga hoteli ya kifahari mahali pa soko hilo, tunaelewa kwa nini swali hilo halikupendwa.

4. Je, watetezi wa haki hawashawishi?

Wanashawishi. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kudhani kwamba wahusika waovu ndio hutumia hisia na wale wema hutumia akili. Pima maneno ya wote kwa mizani moja.

Chukua keki ya uhuru. Boza anaipokea, lakini Sudi anaiona kuwa makombo. Hiyo ni jazanda, na inagusa hisia za kudhalilishwa. Je, ni hoja potovu? La. Ukiuliza sababu, zipo: wananchi hutoa kodi, soko linalowalisha limefungwa, kisha wanapewa kipande cha keki washangilie. Jazanda ya Sudi inafupisha ushahidi uliopo. Haichukui nafasi yake.

Chukua pia Ashua anapokwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada kwa kuwa watoto wake wana njaa. Njaa ya watoto huleta huruma, na hiyo ni pathosi. Lakini njaa hiyo imetokana na kufungwa kwa soko, uamuzi wa yule yule anayeombwa. Hisia inahusiana moja kwa moja na jambo linalozungumziwa, kwa hiyo ni halali.

Kipimo ni hiki: ondoa cheo, hofu, zawadi na utamu wa maneno. Je, kuna sababu inayobaki?

Mwishoni mwa tamthilia, Wanasagamoyo wanafanya upimaji huo kwa miguu yao. Wanauacha mkutano wa Majoka na kumfuata Tunu, ambaye wamemwona akitetea haki hata baada ya kuumizwa mguu. Kingi anapoamriwa kuwafyatulia watu risasi, anakataa. Vitisho vilivyotumika badala ya hoja vinakosa nguvu pale anayetumwa kuvitekeleza anapokataa.

5. Mfano wa swali na jibu

Swali: Eleza jinsi Kenga anavyojaribu kumshawishi Sudi, na utathmini hoja zake. (alama 4)

Jibu hafifu: Kenga anatumia lugha tamu. Anampa Sudi ahadi nyingi. Sudi anakataa.

Jibu bora: Kenga anategemea cheo chake kama mshauri wa Majoka (ithosi) na kuamsha tamaa ya Sudi kwa ahadi za mali na raha (pathosi). Hata hivyo, hatoi sababu inayoonyesha kwamba kinyago hicho kinamstahili anayechongewa. Hivyo hoja yake ni ya hongo. Kukataa kwa Sudi kunaonyesha kwamba ana msimamo thabiti na anatofautisha faida na haki.

Zingatia: jibu bora limetaja njia, likatoa ithibati, likapima hoja, kisha likaiunganisha na sifa ya mhusika. Fuata hatua hizo nne kila mara.

6. Zoezi

Soma hotuba hii fupi ya mgombea, kisha ujibu maswali.

"Wananchi wenzangu, nani asiyemjua babu yangu? Nani hakunywa maji ya kisima chake? Tangu nilipotangaza kugombea, mvua imenyesha mara tatu! Mpinzani wangu ni kijana asiye hata na mke. Atawezaje kutujengea daraja? Ama mnichague mimi, ama mbaki gizani milele!"

(i) Tambua mbinu mbili za lugha na ueleze kazi ya kila moja. (alama 4)
(ii) Onyesha hoja potovu tatu katika hotuba hii. (alama 6)
(iii) Ungemuuliza mgombea huyu swali gani? Toa sababu. (alama 2)

Mwongozo wa majibu

(i) Balagha kuhusu babu na kisima inawafanya wasikilizaji wajihisi wana deni kwa familia yake. Chuku katika "gizani milele" inazua hofu. (Kubali takriri ya "nani".)

(ii) Mvua kufuata tangazo lake si ithibati kwamba tangazo lilileta mvua. Hiyo ni sababu bandia. Kutaja kwamba mpinzani hana mke ni kumshambulia mtu badala ya kujibu hoja yake. "Ama... ama" ni chaguo mbili bandia, kwani zipo njia nyingine. (Kubali pia: wema wa babu si sifa ya mjukuu.)

(iii) Swali lolote linalorejea kwenye daraja: litagharimu kiasi gani, fedha zitatoka wapi, litakamilika lini? Sababu ni kwamba daraja ndilo haja ya wananchi. Ondoa babu, mvua, mke na giza katika hotuba hii, kisha utafute alichosema mgombea kuhusu jinsi atakavyolijenga. Hutakipata.

Wengi wenu mtapata vitambulisho karibuni, na hotuba za aina hii mtazisikia mkiwa wapiga kura. Wakati huo hakutakuwa na mwongozo wa majibu.