Tukitengeneza Upya Jiko la Nyumba ya Zamani

Wodini kwetu tunapokea watoto walioungua kwa uji, maji ya moto au kwa kuangukia mafiga. Kwa hiyo, mnapotengeneza jiko la nyumba ya zamani, anzeni na meko. Yainueni kwa matofali na udongo hadi kiunoni mwa mama. Mtoto anayetambaa hatayafikia. (Akina baba, kazi hii ni yenu pia.)

Toboeni dirisha kuelekeana na mlango ili moshi utoke, maana huwaletea wadogo nimonia. Dohani ni bora zaidi. Lakini paa likiwa la asbesto, msilikate wala kulitoboa, kwani vumbi lake huleta saratani. Dohani ipitie ukutani.

Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20. Msimpake dawa ya meno. Kisha mleteni hospitali.