Prefe Mpya Anajulishwa na Nani?



Tangu masomo kufunguliwa ninasikia swali moja kila pahali: kwenye bomba la maji, uwanjani, hata ndani ya chumba cha walimu. "Prefe mupya iko namna gani?" Mmoja anajibu kama ni mkali. Mwingine anasema, "Hapana, ni mupole, tutamuzoea tu." Mtu hajamaliza wiki tatu hapa, na sisi tumekwisha kumwandikia buletini yake na pointi zake zote!

Leo nataka tugeuze swali. Si sisi tu tunaomtazama. Yeye pia anatafuta kutujua, na njia za kutujua si nyingi sana.

Kwanza, anatoka wapi? Wadogo wa darasa la saba na la nane (wazee wangali wanaita C.O.) labda hawajui jambo hili. Mwisho wa mwaka 1974, nchi yetu ikiitwa Zaire, Serikali ilikamata masomo ya makanisa mikononi mwake. Kazi haikuenda vizuri. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali na makanisa, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti, walitia sahihi mapatano, ile tunayoita konvansio: masomo yanabaki ya Serikali, lakini kanisa linayaongoza. Ndiyo sababu prefe wetu yuko na wakubwa pande mbili. Upande mmoja ni kordinasio ya masomo ya Kiprotestanti. Upande wa pili ni Serikali, yenye programu, waenspekta na Exetat. Wazazi nao wana komite yao. Mtu wa namna hii, akifika, anaangaliwa na macho mengi kabla hajafungua mdomo.

Siku ya remizi-repriza anapewa funguo na vitabu: kitabu cha matrikule, palmaresi za miaka iliyopita, kitabu cha feza, hesabu ya mabenchi na mbao. Vitabu hivi vinafaa sana, musivizarau. Palmaresi inaonyesha nani alipata 70 kwa mia na nani alirudilia darasa. Lakini haisemi kwa nini. Kitabu cha feza kinaonyesha kama mtoto fulani hajalipa minervali, hakionyeshi baba yake ni mgonjwa tangu mwezi gani. Kwa hiyo prefe anapaswa kusikia watu. Na hapa ndipo hatari inaanza, maana wanaokuja kwanza nyumbani kwake si kila mara ndio wanaojua zaidi.

Ninajua hivi kwa sababu mimi nilikuwa wa kwanza kuja.

Ilikuwa mwaka 1987, katika masomo mengine, mbali na hapa, ambayo sitayataja. Nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wangu wa pili. Prefe mpya alifika Jumamosi. Jumapili jioni nilikuwa mlangoni kwake na kuku mkononi. Wakati ule tulisema "Sitwayeni" kwa kila mtu, basi nikaanza: "Sitwayeni Prefe, niko mtoto wako, nataka kukusaidia." Nikamweleza mambo matatu. Mpishi wa interna anaiba maharagi. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano ni kichwa cha wenye fujo, anachelewa kila siku. Na mwalimu wa matematika hafiki Siku ya Kwanza.

Mzee yule alinipa chai. Hakuandika neno hata moja. Kisha akauliza, "Wewe unafundisha darasa gani?" Nikasema la nne. "Wanafunzi wangapi?" Nikasema 41. "Niambie majina yao." Nilifika jina la kumi na tatu, nikakwama. Alinisindikiza mpaka njiani kwa heshima, na kuku wangu akanirudishia. Usiku ule sikulala vizuri.

Wiki zile za kwanza alitembea. Alifika mbele ya kengele, akasimama njiani kule wanafunzi wanakotokea. Alikula bugali pamoja na wa interna, sahani yao, benchi yao. Aliketi na mzee zamu, maana mlinzi wa usiku anaona nani anaruka lupango na nani anasoma na koroboi mpaka usiku mkubwa. Siku moja akaomba mizani, akapima magunia ya maharagi yaliyoletwa asubuhi ile. Gunia lililoandikwa kilo 100 halikufika 90. Mpishi hakuiba kitu! Alikuwa amelisema jambo hilo zamani kwa mtunza-ghala, lakini nani atasikiliza mpishi? Mfanyabiashara ndiye aliyetudanganya, na sisi sote tulikuwa tunamtazama yule mama kwa jicho baya miezi mingi. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa prefe. Nilikwenda kumwomba masamaha jikoni. Alinisamehe, akanipa sufuria nisafishe.

Na yule kijana wa darasa la tano? Alitoka ng'ambo ya mto kwa miguu, na kabla ya masomo alibeba makala sokoni kutafuta minervali yake. Prefe alimkuta njiani na gunia kichwani. Ile "fujo" yake ilikuwa kuuliza mbele ya wote kwa nini wanaofukuzwa kwa sababu ya minervali wanapewa sifuri ya interogasio ya siku ile. Swali zuri, kusema kweli. Hata leo sina jibu lake.

Sasa musidhani kama prefe yule hakukosa. Juu ya mwalimu wa matematika alikosa sana. Aliona mwenyewe Siku ya Kwanza mara tatu, darasa la sita wamekaa bila mwalimu. Vitabu vilisema hivyo, macho yake yalisema hivyo. Akamwandikia barua kali, akakata masaa yake. Ukweli ni huu: bibi yake alikuwa hospitali ya mbali, naye alimpelekea chakula kila Siku ya Mungu, na camion ya kurudi ilipatikana Siku ya Pili tu. Walimu tulijua. Mimi nilijua kabisa, nyumba yetu ilikuwa moja, ukuta tu katikati. Nilikuwa nimesema sehemu ya kwanza ya habari, na ile ya pili nikaiacha, kisha haya ikanifunga mdomo. Mwalimu yule hakujitetea, alikuwa mtu wa kiburi kidogo. Kwa Noeli akahama. Finaliste wetu walibaki bila matematika mpaka Pasaka, na Exetat haikuwangojea. Wakati prefe alipopata habari yote, alituita walimu, akasema mbele yetu kama yeye amekosa. Kisha akauliza, "Na ninyi, mulikuwa wapi?" Hakuna aliyejibu.

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 2, kuna mtu mwingine aliyefika mahali pa kazi mpya. Alikaa siku tatu Yerusalema, kisha akazunguka usiku kutazama kuta, na watu wachache, pasipo kumwambia mtu shauri lake. Watu wanapenda kuhubiri sura ile. Mimi ninapenda zaidi sura ya 5. Kuta alikuwa amekwisha kuziona, lakini madeni ya maskini hayaonekani kwa kuzunguka usiku. Alizijua shida zile siku watu na wake zao walipolia wazi kama mashamba yao yamewekwa rehani. Alikasirika, akajishauri kwanza moyoni, ndipo akasema na wakubwa. Na akakubali kama yeye na ndugu zake pia walikopesha watu. Bila kilio kile, sijui angejua namna gani.

Basi turudi hapa kwetu. Prefe wetu ameomba kuingia katika kila darasa, saa moja kwa kila darasa, akianza na la saba. Mukubwa wa disipilini hatakuwako, wala mwalimu wa darasa. Musitayarishe wimbo wala diskuri. Kila mmoja atasema jina lake, anatoka wapi, na anakuja masomo kwa njia gani: kwa miguu, kwa kinga, au analala kwa nani. Mwenye jambo asiloweza kusema mbele ya wenzake aliandike kwenye karatasi, na atie jina lake. Karatasi pasipo jina prefe amesema hatasoma.

Ukitaka kuandika juu ya mtu mwingine, andika na ile sehemu ya pili.

Walimu, zamu yetu ni Siku ya Tano nyuma ya kengele ya mwisho, ndani ya chumba cha walimu. Nimekwisha kuomba kusema wa kwanza, na safari hii majina ya darasa langu ninayajua, yote 52.