Paka wa Mitaani: Kuua au Kufunga Kizazi?

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na huzaa baada ya takriban siku 65. Ndiyo maana paka wachache walioachwa sokoni huongezeka upesi.

Baadhi ya watu hutumia sumu. Sumu haichagui: huua pia mbwa wa jirani na ndege wanaokula mizoga. Ukatili kwa wanyama umekatazwa na Sheria, Sura ya 360.

Kufunga kizazi humnyima paka uzazi, lakini humwachia uhai, naye huendelea kupunguza panya. Hata hivyo, bado atawinda ndege, na anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa.

Isiolo ina sababu ya ziada. Paka wa nyumbani huzaana na paka pori, ambaye makazi yake ni nyika kama zile za hifadhi za Buffalo Springs na Shaba. Uzao mchanganyiko ukienea, paka pori halisi hupotea.

Mwananchi, usitupe watoto wa paka porini. Mpeleke paka wako kwa daktari wa mifugo kabla hajazaa.