Mpenzi wa Lipuli na Njia ya Emau

Soma Luka 24:13-35.

Sisi wa Iringa hatujausahau mwaka 2019. Lipuli yetu iliifunga Yanga mabao 2-0 katika nusu fainali, hapa hapa uwanja wa Samora. Tarehe 1 Juni ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam huko Lindi. Bao moja tu la Obrey Chirwa likaamua. Azam wakachukua kombe na nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Lipuli wakarudi mikono mitupu, na msimu uliofuata wakashuka daraja.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, mpenzi wa timu hiyo tangu ujana, alikaa kimya siku nyingi. Nasi tukamwambia, "Mzee, huo ni mpira tu!" Tulidhani tunamfariji. Akaacha kukaa nasi baada ya ibada.

Sasa mtazame Kleopa na mwenzake njiani. Msiba wao haulingani na wa mpira, wala hatuufananishi. Lakini angalia Bwana alivyoanza. Alijua habari yote kuliko wao, hata hivyo aliwauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme mpaka mwisho, pamoja na tumaini lao lililovunjika. Kukemea na kufundisha kulikuja baadaye, mstari wa 25.

Sisi tulianzia mstari wa 25.

Jumapili iliyopita tulimfuata nyumbani, tukamwomba atusimulie ile fainali. Alisimulia mpaka jua likazama. Bado anasema dakika tano zaidi zingetosha.