Neno la Kweli Wakati wa Maradhi

Wazee wetu walisema, Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Methali hii kwa kawaida hunenwa juu ya mtu mmoja na mwili wake. Katika somo la mwezi huu twataka kuitazama kwa habari ya mji mzima na wale walioutawala. Maana wakuu nao huweza kuficha maradhi, na kilio kikija hakiwi cha nyumba moja.

Tumeuchagua mji wa Hamburg katika nchi ya Ujerumani, na mwaka ni 1892. Habari zake zimeandikwa na kuchunguzwa sana. Tena wakuu wake hawakuwa watu wabaya kupita wengine: walikuwa wenye elimu na heshima, wenye kuupenda mji wao. Kwa sababu hiyo habari yao yatufaa sisi zaidi kuliko habari za wadhalimu.

1. Mji na maji yake

Hamburg ni bandari kubwa kando ya mto Elbe. Siku zile mji huo ulikuwa na serikali yake wenyewe ndani ya dola ya Ujerumani, chini ya baraza lililoitwa Seneti. Watu wake walizidi nusu milioni, lakini wenye sauti walikuwa hasa wafanyabiashara wakubwa na wenye nyumba za kupangisha. Maji ya kunywa yalitolewa mtoni, yakapitishwa katika mabomba mpaka majumbani bila kuchujwa. Shauri la kujenga machujio ya mchanga lilikuwa limezungumzwa miaka mingi, lakini kila mara watu walishindana juu ya gharama. Kazi ikaanza kwa kuchelewa, hata ugonjwa ulipofika ilikuwa haijaisha.

Ubavuni mwa Hamburg ulikuwako mji mwingine, Altona, uliokuwa chini ya serikali ya Prussia. Altona nao ulichota maji katika mto ule ule, tena mahali pabaya zaidi, maana palikuwa upande wa chini, baada ya taka za Hamburg kuingia mtoni. Lakini Altona uliyachuja maji yake kwa mchanga. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

2. Siku zilizopotea

Katikati ya Agosti mwaka ule, wakati wa joto kali, watu walianza kuugua kuhara na kutapika, wakafa upesi. Baadhi ya madaktari wakashuku kwamba ni kipindupindu. Kijidudu cha ugonjwa huo kilikuwa kimekwisha kutambulikana, kwa kazi ya daktari Robert Koch tangu mwaka 1884, na njia ya kukitafuta kwa darubini ilijulikana. Lakini kupima kulichukua siku, na wenye kusimamia afya ya mji hawakutaka kulitamka jina la ugonjwa kabla ya kuwa na hakika kamili.

Hapa tusihukumu kwa haraka. Kungoja vipimo si kosa. Mtu akitangaza tauni isiyokuwapo, naye huwadhuru watu. Lakini kulikuwa na sababu ya pili ya kunyamaza, nayo haikuwa ya kidaktari. Neno kipindupindu, likitamkwa bandarini, hufunga bandari. Merikebu za Hamburg hazingepokewa mahali pengine, bidhaa zingeoza, na wafanyakazi wangekosa ujira. Basi shaka ya madaktari na hofu ya wafanyabiashara zikashikana mikono, hata ikawa vigumu kujua ipi ndiyo iliyowafunga wakuu kinywa.

Tena lilikuwako jambo ambalo lingaliweza kufanywa bila kungoja hakika yo yote. Watu wangaliambiwa hivi: Kuna ugonjwa tusioujua bado, twaupima, tafadhali chemsheni maji mpaka tutakapowapa habari. Maneno hayo yasingalikuwa uongo, wala yasingalihitaji darubini. Hayakusemwa. Siku zikapita, watu wakaendelea kunywa maji ya mto, na merikebu zikaendelea kung'oa nanga. Moja, iitwayo Moravia, iliondoka tarehe 17 Agosti ikichukua wahamiaji kwenda Marekani. Ilipofika New York mwisho wa mwezi, watu 22 walikuwa wamekufa njiani.

Hata ilipokaribia tarehe 24 Agosti ndipo Seneti ilipokiri kwamba kipindupindu kimo mjini. Siku zile zile Koch mwenyewe akafika kutoka Berlin, ametumwa na serikali ya dola. Wakati huo wagonjwa walikuwa wakihesabiwa kwa mamia, na magari ya kuwachukua yalionekana kila njia. Watu walikuwa wamekwisha kuujua ugonjwa kwa macho yao kabla wakuu wao hawajawaambia kwa vinywa vyao.

3. Hesabu ya hasara

Katika majuma machache watu karibu 17,000 waliugua, na wapata 8,600 wakafa. Maskini ndio walioumia zaidi, wale waliosongamana katika vyumba vya vichochoroni. Matajiri wengine waliweza kuondoka, au kuwaagiza watumishi wawachemshie maji. Mtu wa kazi ya bandari alikunywa kilichotoka bombani.

Na Altona je? Mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati ya njia, nyumba zikitazamana. Watu wa pande zote mbili walivuta hewa moja, wakakanyaga udongo mmoja. Lakini ugonjwa ulishika upande wa maji ya Hamburg, ukauacha kwa sehemu kubwa upande wa maji ya Altona. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu ye yote kusema kwamba maji si kitu.

Sasa tuiangalie ile biashara ambayo kwa ajili yake neno lilizuiwa. Je, iliokoka? Haikuokoka. Habari zilipojulikana, bandari za nchi nyingine zikazikataa au kuzizuia merikebu za Hamburg. Tarehe 1 Septemba Rais Harrison wa Marekani akaamuru merikebu zenye wahamiaji zizuiliwe siku 20 kabla ya kuingia. Tena wageni hawakuuogopa ugonjwa tu, bali waliitilia shaka na hati ya afya iliyotoka Hamburg. Ugonjwa hupita kwa majuma, bali hati isiyoaminiwa hukaa miaka.

4. Mdomo wa kuazima

Liko jambo lingine katika habari hii, nalo ndilo kiini cha somo letu. Serikali ilipokubali mwisho wake kusema kweli, iliona kwamba neno lake halina nguvu. Wafanyakazi wengi wa Hamburg hawakuwa na haki ya kupiga kura katika mambo ya mji. Mtumishi wa serikali waliyemzoea alikuwa polisi. Je, mtu akugongee mlango akuambie uchemshe maji, naye jana alikuja kukukamata, utamwamini?

Kilikuwako chama cha wafanyakazi, chama cha Wasosholisti, ambacho toka mwaka 1878 mpaka 1890 kilikuwa kimebanwa kwa sheria kali ya dola. Wakuu hawakukipenda hata kidogo. Lakini karatasi za maonyo zilipotakiwa kufika katika nyumba za maskini, zilipelekwa kwa mikono ya wanachama wa chama hicho, kwa kuwa wao waliaminiwa huko. Serikali yenye hazina, askari na madaktari ilibidi iazime mdomo wa watu iliowadharau.

Twajifunza nini? Kuaminiwa si kitu kinachoweza kuamriwa siku ya hatari. Ni kama akiba ya chakula: huwekwa wakati wa mavuno, huliwa wakati wa njaa. Asiyeweka hukuta ghala tupu, hata akiwa na funguo zote mkononi. Machujio ya maji ya Hamburg yalimalizwa mwaka 1893, yakafanya kazi vyema. Lakini katika kiangazi cha 1892 palikosekana vitu viwili, maji safi na neno la kuaminiwa, na hicho cha pili hakijengwi kwa matofali.

5. Habari za nchi yetu

Msomaji asiseme kwamba haya ni ya Wazungu wa zamani. Sisi katika Tanzania tumeyaona kwa zamu yetu. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, hesabu za wagonjwa zilitolewa kwa majuma machache tu. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei zikakoma, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na waliokufa 21. Mwezi wa Juni ikasemwa kwamba nchi haina ugonjwa tena. Lakini watu walizika ndugu zao, wakanong'onezana makaburini. Mahali pasipo habari uvumi hujenga nyumba, na mtu wa uvumi hana wa kumsahihisha. Mwaka 2021 serikali mpya iliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani ili kuwatia watu moyo. Hata hivyo wengi walisita kwanza. Masikio yaliyoambiwa mwaka mzima kwamba hakuna hatari hayakuweza kugeuka kwa siku moja.

Lakini tusiseme mabaya peke yake. Machi 2023 watu walikufa kwa ugonjwa wa ajabu huko Kagera. Serikali ilitangaza habari hiyo wakati jina la ugonjwa lilikuwa halijajulikana, ikawaonya watu wajihadhari. Tarehe 21 Machi ikatangaza kwamba ni Marburg, ambao haukuwahi kuonekana nchini. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Hilo ndilo lililokosekana Hamburg: kusema, Hatujajua, lakini jihadharini.

Januari 2025 Marburg ukarudi Kagera, upande wa Biharamulo. Kwanza Wizara ya Afya ilisema kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais akasimama Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba umethibitishwa. Kulibadili neno mbele ya watu ni aibu kidogo kwa mtawala, bali ni faida kubwa kwa nchi. Afadhali neno lililosahihishwa kwa siku chache kuliko neno lililoshikiliwa kwa miezi.

6. Yatupasayo sisi

Mtu atauliza, Je, watu wakiambiwa kweli hawataingiwa na hofu, wakafanya fujo? Twajibu kwamba hofu ipo kwanza. Aonaye jeneza la tatu katika mtaa wake ana hofu tayari. Asichokuwa nacho ni shauri. Neno la kweli humpa hofu yake kazi ya kufanya: achemshe maji, anawe mikono, asimguse maiti, ampeleke mgonjwa hospitali.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliandika barua juu ya swali kama ni halali kuikimbia. Alisema kwamba wenye kazi ya kuwatunza watu, wahubiri na wakuu wa mji, wamefungwa na wajibu wao, wasiwaache watu wao. Naye aliwakemea vikali wale walioficha ugonjwa wao wakichangamana na wenzao. Sisi twaongeza kwamba mkuu huweza kukaa mjini kwa mwili, na huku amewakimbia watu wake kwa kunyamaza.

Lakini mwalimu wa usharika naye ni mtu wa kuaminiwa. Siku ya maradhi watu watamjia wamwulize, Ni kweli? Basi na ajizoeze mambo matatu. Kwanza, asiseme asilolijua. Na akisema, Sijui, aende kuuliza kwa mganga wa zahanati, akarudi na jibu. Pili, asipeleke uvumi mbele, hata ukimpendeza. Tatu, asikubali kutumiwa kuwatuliza watu kwa neno ambalo yeye mwenyewe haliamini. Akivunja hilo mara moja, matangazo yake yatasikiwa, lakini hayatashikwa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni sababu zipi mbili zilizowafanya wakuu wa Hamburg wanyamaze? Ipi ilikuwa na haki, nayo mpaka wapi?
2. Ni neno gani ambalo wangaliweza kulisema bila kungoja vipimo?
3. Kwa nini wafanyakazi waliwapokea watu wa chama kuliko polisi?
4. Katika mtaa wetu, ugonjwa ukizuka leo, watu watamwamini nani kwanza? Kwa nini?
5. Tangazo gani la afya tulilitoa mwaka huu kanisani bila kulihakikisha?